Robo

Mtungi wa lita ishirini,
tangi la lita themanini.
Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea wa Migosi ataimaliza,
ila mimi, mkunga mstaafu,
niliyepima dawa kwa tone na uchungu kwa dakika,
siku ya kwanza niliikosea.

Nilimwaga yote.

Randiek alikuwa amepanda basi la Eldoret alfajiri,
anakwenda chuoni, blanketi langu jipya kwapani.
Aliniachia kioo kile juu ya kabati la marehemu baba yake,
nyasi alizozing'oa Dunga, suruali imekunjwa gotini,
furu sita,
na karatasi iliyobandikwa kwa plasta ya hospitali.
Nikaona mizizi ina tope. Kioo kina utando wa kijani.
Nikasema: si katika nyumba yangu.
Nikasugua mawe kwa majivu kama masufuria baada ya matanga,
nikajaza maji ya mfereji, maangavu, yenye harufu kali ya dawa.
Kufikia magharibi furu wanne walielea ubavu,
kama wagonjwa waliohamishwa wodi usiku bila kuulizwa.

Nikapiga simu.
Mama, karatasi uliisoma?
Niliisoma.
Imeandikwaje?
Robo. Kila Jumamosi.
Na wewe ulitoa ngapi?
Nikasingizia mtandao, nikakata.

Sasa najua. Mfereji wetu hutoa Jumanne na Ijumaa, ukipenda.
Nakinga Ijumaa, naacha mtungi wazi usiku kucha dirishani,
kama mgeni mlevi anayelazwa sebuleni hadi pombe imtoke,
ndipo asubuhi asalimie watoto.
Jumamosi nanyonya mpira, na kila mara nachelewa kuutoa mdomoni:
tope, majani, kitu kama mvua ya kwanza juu ya mabati.
Maji ya zamani huenda kwenye sukuma.
Mama Agola wa jirani haamini kwamba sinunui mbolea.

Wengine hucheka. Ziwa lote lile liko chini ya mteremko,
nawe unayagawa maji kwa mtungi?
Muuzaji wa Kibuye anasema kila siku tatu.
Fundi wa pampu anasema mara moja kwa mwezi,
yeye ambaye pampu yangu anayo tangu Krismasi.
Nami Januari, jua lilipokunywa maji vidole viwili,
nilijazia tu, nikadhani nimebadilisha.
Kujazia si kubadilisha. Chai iliyochemka mara tatu
utaiongeza maji utakavyo, ukali wake hauendi popote.
Nyasi ndizo zilizoniambia, kwa umanjano kwenye kingo za majani.
Nikarudi kwa robo.

Kabati lililo chini ya tangi lina mashati kumi na mawili.
Shemeji zangu walitaka yagawiwe yote siku ile ile ya kunyoa.
Nilisimama mlangoni.
Miaka mitatu sijaligusa.
Jumamosi iliyopita, mikono ingali na maji,
nilitoa matatu.

Wiki hii jike amefumba mdomo. Siku ya tisa hali,
shavu limejaa, anajificha nyuma ya nyasi ndefu,
na dume namfukuza kwa kivuli cha kidole.
Nimeshika matumbo mengi katika kazi yangu;
mimba ya kinywani sijawahi kuipokea,
lakini jicho la mama aliyekaribia nalijua.

Mtungi umelala wazi dirishani.
Karatasi inasema robo.
Nitatoa jagi moja, polepole,
na mpira nitaushika mbali naye.